Shajara ya mradi: kupunguza seleni kwenye ardhioevu ya kando ya mto

Wiki ya 1 hadi 3: mitaro

Ardhioevu hii ina mabwawa matatu na mkono mmoja wa maji unaoungana na mto, mahali ambapo vifaranga wa samaki hujilishia. Inapokea mitaro mitatu inayotoa maji ya ziada kutoka mashamba ya umwagiliaji. Mashamba hayo yako juu ya mwamba uliotokana na tope la bahari ya kale, na hapo ndipo shida inapoanzia. Mwamba wa aina hiyo umehifadhi seleni, elementi inayofanana na salfa ambayo ikizidi huwa sumu kwa ndege na samaki, ndani ya salfidi za chuma (madini ya chuma na salfa). Maji ya umwagiliaji yakizama chini, yakiwa na oksijeni na nitrati ya mbolea, seleni iliyotulia humo hugeuka kuwa selenati, yaani seleni iliyoungana na oksijeni. Selenati huyeyuka kama chumvi, udongo hauishiki, na mtaro huibeba moja kwa moja hadi bwawani.

Kila mtaro tumeufungia ubao wa chuma wenye mkato wa V wa nyuzi 90. Mtiririko, kwa mita za ujazo kwa sekunde, ni 1.38 mara kina cha maji juu ya ncha (kwa mita) kilichopandishwa kwenye kipeo cha 2.5. Kina cha sentimita 20 ni kama lita 25 kwa sekunde. Kipeo hicho hakisamehe: ukikosea sentimita moja kwenye kina hicho, mtiririko unakosewa kwa zaidi ya asilimia 12. Rula haiwekwi kwenye mkato wenyewe, kwa sababu uso wa maji huinama unapoukaribia. Huwekwa nyuma, umbali usiopungua mara nne ya kina.

Hesabu za kuanzia zimetoka hivi. Mtaro A: lita 20 kwa sekunde zenye maikrogramu 45 za seleni kwa lita, yaani gramu 78 kwa siku. Mtaro B: lita 12 zenye maikrogramu 4, yaani gramu 4. Mtaro C: lita 2 tu, lakini zenye maikrogramu 300, yaani gramu 52 kwa siku. Mtaro C una asilimia 6 ya maji na karibu asilimia 39 ya seleni yote. Ukitazama wingi wa maji peke yake utaupuuza, na ukitazama ukolezi peke yake utausahau mtaro A. Mzigo wa siku, yaani mtiririko mara ukolezi, ndio unaoonyesha pa kushika, na hapa umetuonyesha mahali pawili panapohitaji dawa mbili tofauti.

Wiki ya 4: chupa na maabara

Chupa ni za polithini, zimeoshwa kwa asidi. Kila kituo kina sampuli mbili: moja haikuchujwa, nyingine imepita kwenye chujio la maikromita 0.45 papo hapo mtaroni. Zote mbili zinatiwa asidi ya nitriki hadi pH iwe chini ya 2. Sampuli ya kutenganisha selenati na seleniti (umbo lenye oksijeni pungufu kuliko selenati) haitiwi asidi hiyo, maana itabadilisha kile tunachotaka kukiona. Hiyo huwekwa kwenye barafu, gizani, na kufikishwa maabara haraka. Katika kila chupa kumi, moja ni rudufu, na kila safari ina chupa ya maji safi iliyofunguliwa na kufungwa uwanjani.

Matokeo ya kwanza ya mtaro C tumeyakataa. Maji yale yana chumvi nyingi, bromidi (chumvi ya bromini) ikiwemo. Mashine ya plasma inayohesabu atomi kwa uzani ilikuwa inasoma seleni kwenye uzani wa 82, na bromini ya 81 ikishikana na hidrojeni moja huangukia hapohapo. Kwa hiyo sehemu ya seleni iliyoripotiwa ilikuwa bromini. Tumeomba isomwe kwenye 78 au 80, kwa kutumia chumba cha mmenyuko kinachoondoa jozi za agoni, ambazo nazo huangukia kwenye uzani huo. Wanaotumia njia ya hidridi, inayoigeuza seleni kuwa gesi kabla ya kuipima, wana mtego wao: njia hiyo huona seleniti peke yake, kwa hiyo sampuli isipopashwa moto ndani ya asidi kali ya hidrokloriki kwanza, selenati yote hupita bila kuhesabiwa, na mtaro mchafu huonekana safi.

Wiki ya 5 hadi 7: tope, wadudu, mayai

Hapa ndipo mradi unapoamuliwa. Ndege hadhuriki kwa kunywa maji ya bwawa. Hudhurika kwa kula, na zaidi anayedhurika ni kiinitete kilichomo ndani ya yai. Mwani na bakteria huchukua seleni kutoka majini na kuiingiza kwenye protini zao mahali pa salfa. Mdudu anawala hao, samaki au ndege anamla mdudu, na mama huipitisha kwenye yai pamoja na protini.

Mlango wa hatari ni hatua ya kwanza, kutoka maji hadi chembe: mwani, tope jepesi, mabaki ya majani. Kutoka hapo mambo yanatabirika kiasi. Wadudu wa majini kwa wastani hubeba mara 2.8 ya kilichomo kwenye chembe wanazokula, na yai la bata hufikia kama mara 2.6 ya kilichomo kwenye chakula cha mama. Lakini uwiano wa chembe na maji hubadilika kutoka mia moja hadi zaidi ya elfu kumi, na kinachoubadilisha zaidi ni mwendo wa maji na umbo la seleni iliyomo.

Chukua maji yaleyale yenye maikrogramu 2 kwa lita. Kwenye mkono wa mto unaotembea, wenye uwiano wa 250, chembe zina miligramu 0.5 kwa kilo, wadudu 1.4, yai 3.6. Kwenye bwawa lililotuama, lenye uwiano wa 1,000, chembe zina 2, wadudu 5.6, yai 14.6. Maji hayakubadilika hata kidogo, ila yai la kwanza lina matumaini na la pili lina hatari ya kutoanguliwa. Ndiyo sababu viwango vya Marekani vya mwaka 2016 vinaruhusu maikrogramu 3.1 kwa lita kwenye maji yanayotembea na 1.5 tu kwenye yaliyotuama, na vinatanguliza nyama na mayai ya samaki kuliko maji: 15.1 kwenye yai au ovari, 8.5 kwenye mwili mzima, zote kwa miligramu kwa kilo ya uzito mkavu.

Kinachofanyika pale kila mtu anapotazama maji tu kilishaonekana Kesterson, California. Maji ya mashamba yenye takriban maikrogramu 300 kwa lita yaliingizwa kwenye mabwawa 12 yaliyokuwa makimbilio ya ndege, na mwaka 1983 viota vilikutwa na viinitete visivyo na macho, vyenye midomo iliyopinda na miguu pungufu: vya kukuziwa, vibisi, bata na ndege wa miguu mirefu. Samaki waliobaki walikuwa wa aina moja, wale wadogo wala mabuu wa mbu. Mwaka 1986 mfereji ulifungwa, na mwaka 1988 mabonde ya mabwawa yakafukiwa kwa udongo.

Tunavyochukua sampuli: tope ni sentimita 2 za juu tu, kwa mrija wa plastiki, sehemu tano za kila bwawa zikichanganywa. Ukichimba sentimita 10 unachanganya tope la miaka mingi na unapunguza namba bila kujua. Kwenye tope, miligramu 2 kwa kilo kavu inatosha kutuweka macho. Wadudu ni mabuu wekundu wa visubi na kunguni wa majini, angalau gramu 5 mbichi kwa kila kundi. Hatuwaachi wasafishe matumbo kwanza, kwa sababu ndege humla mdudu pamoja na kilichomo tumboni mwake. Chakula cha ndege kikivuka 3 ni cha kufuatiliwa.

Mayai yanachukuliwa kwa kibali, moja kwa kila kiota. Yai linapimwa uzito, linafunguliwa, umri wa kiinitete unaandikwa, kisha mkao wake, macho, mdomo, miguu na ubongo. Kiinitete kilichokaa vibaya ndani ya yai hakihesabiwi kama kilema, lakini kinaandikwa. Chini ya 3 ni hali ya kawaida. Kuanzia 6, ndege wa miguu mirefu huanza kupoteza vifaranga kabla ya kuanguliwa. Kwenye 12 hadi 13, bata nao wamefika huko. Namba zote ni za uzito mkavu, na hili lazima liandikwe kwenye fomu ya maabara kwa herufi kubwa. Yai lina maji karibu asilimia 70, kwa hiyo 3 ya uzito mbichi ni kama 10 ya uzito mkavu. Ripoti isiyotaja uzito gani imetumika tunairudisha.

Wiki ya 8: uamuzi kuhusu kinamasi cha kusafishia

Pendekezo lilikuwa kupanda matete kwenye eneo la wazi na kuyaacha yasafishe mtaro C. Tumelikataa. Si kwamba matete hayafanyi kazi. Kinamasi kilichojengwa kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta huko Richmond, California, kilinasa asilimia 89 ya seleni iliyoingia, na asilimia 10 hadi 30 ikatoka kama gesi kupitia mimea na vijidudu. Hoja yetu iko kwenye kilichobaki: kinakaa kwenye tope na mizizi, ambamo mabuu wa visubi wanaishi, na juu yake ndege wanatua. Mahali pazuri pa kunasa seleni ni mahali pazuri pa kuwalisha ndege hiyo seleni. Tunachotaka ni chombo kinachonasa seleni bila kuwa makazi ya kiumbe yeyote tunayemlinda.

Basi: mtaro A tunaupunguza kwenye chanzo, mtaro C tunausafisha ndani ya kitanda kilichofunikwa, mtaro B unaendelea kuingia kupitia geti tunaloweza kulifunga.

Wiki ya 9 hadi 16: mtaro A

Seleni ya mtaro A inaletwa na maji yanayozama, siyo na yale yanayotiririka juu. Kila lita isiyozama ni lita isiyogusa mwamba. Mifereji midogo ya udongo inabadilishwa kuwa mabomba ya polithini, na mashamba ya chini yanaacha kumwagiliwa kwa mifereji ya kati ya matuta. Kule Montrose Arroyo, Colorado, mabomba ya namna hii yalipunguza mzigo wa seleni kwa zaidi ya robo, na hayahitaji dawa wala umeme.

Mambo matatu yamejitokeza. Kwanza, bomba lililolazwa kwenye mtaro wa zamani bila kushindilia udongo huwa njia ya maji ya chini, kwa hiyo kila mita 50 tunaweka kizuizi cha mfinyanzi kuzunguka bomba. Pili, bwawa la kuhifadhia maji shambani lisilo na sakafu ngumu linavuja mfululizo na linaweza kufuta faida ya mabomba. Tatu, ukolezi wa mtaro A umepanda kidogo baada ya mabomba kufungwa, na hili limewatia wasiwasi wengi. Ni jambo la kutarajiwa: maji safi yaliyokuwa yakizimua yamepungua. Mzigo wa siku ndio wa kutazamwa. Mbolea nayo imo kwenye mpango huu, kwa kuwa nitrati huisaidia seleni kutoka mwambani na kuizuia isirudi kwenye umbo gumu.

Wiki ya 12 hadi 24: kitanda cha mtaro C

Bakteria wanaopumua selenati badala ya oksijeni huigeuza kuwa seleniti, kisha seleni tupu, ambayo ni chembe ngumu nyekundu. Vipimo: lita 2 kwa sekunde kwa saa 12 ni mita za ujazo 86. Changarawe ya milimita 10 hadi 20 ina nafasi tupu kama asilimia 40, kwa hiyo kitanda ni mita za ujazo 216: urefu mita 18, upana 6, kina 2. Sakafu na kuta ni karatasi ya polithini ya milimita 1.5. Juu kuna karatasi nyingine na udongo wa sentimita 40. Hakuna maji ya wazi popote.

Chakula cha bakteria ni methanoli, aina ya alkoholi, na dozi yake haiamuliwi na seleni. Bakteria humaliza oksijeni kwanza, kisha nitrati, ndipo wafike kwenye selenati, na baada yake salfati. Kwa hiyo dozi ni gramu 2.47 za methanoli kwa kila gramu ya nitrojeni ya nitrati, na gramu 0.87 kwa kila gramu ya oksijeni iliyoyeyuka. Nitrojeni ya miligramu 20 na oksijeni ya miligramu 8 zinahitaji miligramu 56 kwa lita, yaani kilo 9.7 kwa siku, kama lita 12. Tungelipitisha mtaro A wenye nitrati hiyohiyo, zingehitajika kilo 97 kwa siku. Ndiyo maana kitanda ni cha mtaro C tu.

Methanoli ni sumu, inawaka hata siku isiyo na joto, na mwali wake hauonekani mchana. Tangi liko mbali na kibanda cha pampu, limezungushiwa ukuta unaoweza kushika ujazo wake wote, na limeunganishwa na waya wa ardhi.

Kuamsha kitanda: ndoo kadhaa za tope la mtaro wenyewe, maji yazungushwe ndani bila kutoka, dozi nusu. Nitrati hushuka kwanza, na seleni haiguswi mpaka nitrati ikaribie sifuri. Anayekata tamaa katika wiki ya pili amekata tamaa mapema.

Kasoro tulizokutana nazo, kwa mpangilio wa usumbufu wake:

Dozi isiyobadilika. Nitrati ilipanda baada ya mashamba kutiwa mbolea, methanoli ikaisha katikati ya kitanda, na seleniti ikaanza kutoka. Seleniti huingia kwenye mwani kwa urahisi kuliko selenati, kwa hiyo kitanda kilichosimama nusu ya njia kinaweza kutoa seleni kidogo yenye madhara zaidi. Sasa kihisi cha nitrati kwenye ingilio ndicho kinachoamuru pampu ya dozi.

Dozi kupita kiasi. Harufu ya yai bovu kwenye tokeo, pale maji yanapotoka kitandani, ina maana bakteria wamehamia kwenye salfati. Kipimo cha redoksi, kinachoonyesha jinsi maji yalivyopungukiwa na oksijeni na nitrati, tunakishika kati ya -50 na -200 milivolti. Kikiteremka zaidi ya hapo kwa siku mbili, dozi inapunguzwa kwa asilimia 10 na kusubiriwa siku tatu kabla ya kuguswa tena. Katika hali hiyo pia hutokea seleni ya kikaboni (iliyoungana na kaboni), ambayo viumbe huimeza kwa haraka kuliko zote.

Njia za mkato. Gesi ya nitrojeni hujikusanya kwenye changarawe na kuyalazimisha maji kupita pembeni. Tumegundua kwa rangi ya rodamini: ilitakiwa itokee kuanzia saa ya tisa au ya kumi, ikatokea saa ya nne. Bromidi hatuitumii kwa jaribio hili, kwa sababu iliyoelezwa wiki ya 4, na chumvi ya kawaida haionekani kwenye maji ambayo tayari yana chumvi. Dawa ni kusukuma maji kwa nguvu kutoka chini kwa dakika 20 kila wiki mbili, na kuyapeleka kwenye tangi la kutuamishia.

Wekundu kwenye tokeo. Chembe za seleni tupu ni ndogo kiasi kwamba nyingine hupita hata chujio la maikromita 0.45 na kuhesabiwa kama zimeyeyuka. Kichujio cha mchanga kinachotanguliwa na kloridi ya chuma kidogo kimezishika. Chuma peke yake, bila kitanda, hakingesaidia: hushika seleniti vizuri na kuiacha selenati ipite.

Maji yaliyosafishwa hayarudi bwawani. Yanapuliziwa hewa, kisha yanapita kwenye bomba hadi mkondo mkuu wa mto. Hata kitanda kizuri hutoa maikrogramu kadhaa kwa lita, na hizo kwenye maji yaliyotuama bado ni nyingi. Kwa kasi ya gramu 52 kwa siku, kitanda kinakusanya karibu kilo 19 za seleni kwa mwaka. Tope la tangi la kutuamishia halianikwi juani: likikauka linaoksidika na selenati inazaliwa upya. Linabanwa, linafungwa, na kujaribiwa kwa kuloweshwa ili kuona kiasi cha seleni kinachotoka. Nchini Marekani, maji ya jaribio hilo yakiwa na miligramu 1 ya seleni kwa lita au zaidi, taka hiyo huhesabiwa kuwa ya hatari.

Wiki ya 25 hadi 27: tope la zamani

Kuziba mitaro hakuondoi kilichokwisha kulala bwawani. Bwawa la chini tunalikausha makusudi hadi tope lipasuke, ili seleni iliyonaswa ioksidike, kisha tunalijaza maji ya mto na kuyatoa. Maji ya kwanza kugusa tope kavu ndiyo machafu kuliko yote, kwa hiyo sampuli ni saa ya 1, ya 6 na ya 24.

Geti linafunguliwa mto ukiwa umejaa tu. Hekta 5 zenye sentimita 30 ni mita za ujazo 15,000. Zikitolewa kwa saa 48 ni lita 87 kwa sekunde. Zikiwa na maikrogramu 20 kwa lita, mto unahitaji angalau mita za ujazo 3.5 kwa sekunde ili usiongezewe zaidi ya maikrogramu 0.5. Ukifungua wakati wa kiangazi, maji hayo yanajikunja kwenye mkono wa mto wanakolelewa vifaranga wa samaki, na umehamisha madhara kutoka kwa ndege kwenda kwa samaki. Kuzimua namna hii tunakukubali kwa tope la zamani peke yake. Mtaro unaotiririka kila siku haupewi ruhusa hiyo.

Kukausha kuna muda wake: kabla ndege hawajaanza kujenga viota, au baada ya vifaranga kuondoka. Dimbwi linalopungua polepole katikati ya msimu ni baya kuliko bwawa lililojaa, kwa sababu wadudu wanabanwa sehemu ndogo na ndege wote wanakusanyika hapo.

Wiki ya 31: mayai

Bwawa la juu bado lina mayai yaliyovuka 6. Mayai ya kando ya mkono wa mto yako chini ya 3. Maji ya bwawa la juu yameshuka tangu mtaro C uhamishwe, ila tope lake halijaguswa, na mayai yanafuata tope na wadudu. Habari njema ni kwamba yai huakisi chakula cha wiki mbili hivi kabla ya kutagwa, kwa hiyo hatuhitaji kungoja miaka kujua kama hatua fulani imesaidia.

Kwa msimu ujao bwawa la juu linajazwa hadi kina kisichopungua sentimita 60 na kingo zake zinachongwa ziwe za mteremko mkali, ili ndege wa miguu mirefu wasipate pa kusimama na kula. Wakati huohuo bwawa la kati, lenye maji ya mto yanayopita bila kutuama, linaachwa la kina kifupi ili wapate pa kwenda. Sampuli za wadudu kwenye mabwawa yote mawili zitachukuliwa wiki nne kabla ya viota, na wale wa bwawa la kati wakivuka 3, geti la mtaro B linafungwa siku hiyohiyo.